Meza ya Mbali na Mlango

Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa buluu, kwamba abiria wa chumba namba kumi na nne angependelea kuletewa chakula chumbani kwake. Abiria huyo hakuwa ameomba hivyo. Saa moja kabla alikuwa amesimama mbele ya kijimeza changu akaomba kinyume chake, na ombi lake hilo la kweli nililiandika mimi pia. Niliichukua kadi ya kwanza nikaitia mfukoni, nikaweka ya pili mahali pake. Abiria alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu aliyenilea.

Nilipaswa kukataa. Udhuru nimeutafuta miaka mingi, na kila niliouokota umenivunjikia mkononi. Hakuna aliyenishika mkono nilipokuwa naandika. Hakuna aliyenitisha. Niliombwa kwa sauti ya upole, nikakubali.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, Mahajanga, wakati Mfaransa ndiye mwenye bandari na mwenye karatasi zote. Nyumbani kwetu tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi cha pwani, kazini Kifaransa. Kiswahili hiki nilikipata kwanza chuoni, pamoja na dini, nikakikamilisha baadaye Zanzibar nilikokwenda kukaa uzeeni. Naandika kwa lugha hii kwa sababu wengi wanaoisoma hawakumjua mjomba wangu wala hawanijui mimi, na hilo linanirahisishia kusema.

Kazi yangu ilikuwa kupanga watu mezani. Meli kubwa za abiria zilizotoka Ufaransa zilitia nanga mbele ya Mahajanga, kisha Nosy Be, kisha kaskazini zaidi. Baadhi ya abiria walikuwa maofisa na walowezi waliorudi makwao, wengine walikuwa watu wa matembezi tu, wanaozunguka visiwa kwa starehe, wakiwa na kofia pana na kamera. Mimi nilipanda Mahajanga na kushuka mwisho wa safari ya pwani, kisha nikarudi na meli nyingine. Wakati wa kupanda, kila mtu wa daraja la kwanza alipita kwenye kijimeza changu mlangoni mwa chumba cha kulia, akasema anapenda kukaa wapi: zamu ya kwanza au ya pili, meza kubwa au ndogo, dirishani au katikati, pamoja na nani, na zaidi ya yote, mbali na nani. Niliandika katika kadi, nikaichomeka kwenye ubao uliochorwa meza zote. Ubao ukijaa, mkuu wa chumba cha kulia, Mfaransa mnene mwenye viatu visivyotoa sauti, alikuja kuupitia.

Niliipenda kazi ile, siwezi kukana. Nilijua ugomvi wa Wazungu wa Mahajanga kabla haujawafikia wenyewe. Mke wa ofisa mmoja hakutaka kukaa akimpa nahodha mgongo, wala hakutaka kukaa akimwelekea mke wa ofisa mwingine, na ilinibidi nitafute kiti kisichokuwapo. Padri mmoja aliomba awe mbali na mlango wa jikoni kwa sababu harufu ilimharibia sala. Walikuwapo wafanyabiashara wawili wasiosalimiana, ambao kila safari waliomba meza moja, ili kila mmoja asikie mwenzake anasema nini. Nilicheka nao wote kimoyomoyo, kisha nikawatafutia nafasi. Mkuu alinisifu. Alisema hajawahi kuona Mwafrika anayejua mambo ya viti kama mimi.

Hakujua kwamba nilikuwa nimeyajua tangu utotoni. Sisi Wakomoro, mtu akitaka kujua nani ni nani mjini, huangalia mkeka wa karamu. Aliyekwisha kufanya harusi kubwa ya ada, ile ya kulisha mji mzima, hukaa mbele, ukutani, naye huitwa mtu kamili. Asiyeifanya hukaa karibu na mlango, panapowekwa viatu, hata awe na mvi kichwa kizima. Chakula huletwa katika sinia, watu wanne au watano sinia moja, na nani anakula na nani si jambo la bahati. Ukimwona mtu na mpwa wake wamepeana bega kwenye sinia moja, unajua nyumba yao imetulia. Ukiwaona wametengana, watu wanaanza kuulizana kwa macho.

Mjomba wangu alikaa mlangoni maisha yake yote. Alikuwa fundi cherehani, mkimya, mikono yake safi kuliko ya mtu yeyote niliyemjua. Baba yangu alipofariki nikiwa mdogo, mama alirudi kwa kaka yake pamoja nami, na kile ambacho mjomba alikuwa akikiweka kwa ajili ya harusi yake ya ada kikaishia katika vitabu vyangu, viatu vyangu, na sare ya shule ya sekondari ya Wafaransa. Hakuwahi kulitaja. Wenzake wa rika walihamia mbele ya mkeka mmoja mmoja, yeye akabaki na vijana, akiwasogezea sahani ya pilipili. Nilimwona hivyo kila karamu. Nilikuwa nimekaa karibu naye.

Sasa nieleze kwa nini alikuwa melini. Kulikuwa na msichana Nosy Be niliyetaka kumwoa. Baba yake, Mkomoro kama sisi, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, huko huko Nosy Be, na anayekwenda kuposa kwa niaba ya kijana ni mjomba wake. Kwetu mwanamume huhamia nyumbani kwa mke, kwa hiyo baba wa msichana alikuwa ameshatuma neno mapema: mtu anayelala baharini hamtaki, anataka mkwe mwenye kazi ya nchi kavu, palepale kisiwani. Kazi hiyo sikuwa nayo. Mjomba alisema tutakwenda hivyo hivyo, atazungumza nao, maneno mengine yatajipanga mbele ya safari.

Angeweza kwenda kwa lori hadi Antsahampano na kuvuka kwa boti, kama watu wote. Alisema atakwenda kwa meli, daraja la kwanza. Nilidhani anatania. Lakini vitambaa vya meza vya meli ile, pamoja na vile vidogo vya kufutia midomo, vilishonwa pindo dukani kwake. Wakala wa meli alikuwa akimletea majora, yeye anakata na kukunga pindo, miaka na miaka. Makoti meupe ya wahudumu yalikuwa yake pia. Alisema, kwa sauti ile ile aliyoulizia kipimo cha mkono wa koti, kwamba anataka kukaa kwenye kazi yake mara moja kabla macho hayajamwisha. Na karatasi mpya, alisema, zinatuita raia. Tikiti ni tikiti.

Nilimwambia nyama yao haikuchinjwa kwa utaratibu wetu. Akasema atakula samaki, mayai na mkate, na mvinyo wao ni wao. Hilo naliandika hapa makusudi, kwa sababu baadaye nilijifanya nimelisahau.

Majuma matatu kabla ya safari alijifunza uma na kisu. Kila adhuhuri alikaa kwenye meza ya kukatia nguo, kitambaa kikiwa mapajani, akapambana na kipande cha muhogo. Mke wake alimsimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, muhogo huo umekukosea nini hata unauchoma hivyo?"

"Nausomesha," alisema mjomba, bila kuinua macho.

"Na ukishahitimu?"

"Nitauoza Nosy Be."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Hata mimi nilicheka. Kufikia siku ya safari alikuwa akikata muhogo vipande vidogo vinavyolingana kama kokoto za bao, na hakuna kilichomwangukia.

Tuliondoka asubuhi. Mimi nilikuwa nimetangulia melini, yeye akaja na mashua ya abiria pamoja na Wazungu, amevaa suruali nyeusi na koti jeupe alilolishona mwenyewe, kofia ya nakshi kichwani, na kisanduku kidogo ambacho mke wake alikijaza mikate na tende kwa sababu hakuwaamini wapishi wa meli. Alipanga foleni. Mbele yake walikuwa watu watatu, na hakunipungia mkono wala kunisemesha. Alisubiri kama abiria. Zamu yake ilipofika nilimwamkia kwa salamu yetu ya heshima, ile ya mdogo kwa mkubwa, naye akaitikia. Kisha nikamuuliza kwa Kifaransa, kama nilivyowauliza wote, bwana angependa kukaa wapi.

Alifikiri. Nadhani alikuwa amelifikiria jibu hilo kwa miaka.

"Popote," alisema kwa lugha yetu, polepole, "lakini iwe mbali na mlango."

Niliandika. Zamu ya pili, meza namba sita, katikati ya chumba. Nilimweka na daktari mzee aliyestaafu na walimu wawili wa kike waliotoka Reunion, watu wasioomba chochote. Alisoma kadi, akaniambia hati yangu imetulia siku hizi, akateremka chumbani kwake.

Kiti chake kilipeana mgongo na kiti cha meza namba saba, na meza namba saba ilikuwa ya mlowezi wa mashamba ya milangilangi na mke wake, abiria wa kila mwaka. Kabla ya zamu ya kwanza ya chakula cha mchana, mke huyo alikuja kuutazama ubao, kama wengi walivyofanya. Alisoma jina la mjomba, akauliza huyu ni nani, nami nikamjibu. Alikwenda kwa mkuu.

Mkuu alikuja kwenye kijimeza changu, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote aliniita kijana. Siku ile aliniita bwana. Alinieleza kwamba yule mama hana ubaguzi wowote, ana watumishi wengi weusi anaowapenda sana. Tatizo lake ni kwamba fundi huyu ndiye aliyempima mume wake kiuno mwezi uliopita, tena kwa sauti, na mtu hawezi kula huku nyuma yake amekaa mtu anayejua kiuno cha mume wake. Nilimuuliza kama mama huyo anaweza kuhamishiwa meza nyingine. Nilimuuliza, hilo nalikumbuka, na ndilo jambo pekee jema nililofanya siku ile.

"Yule mama atapanda tena meli hii mwakani," alisema. "Mjomba wako hatapanda tena."

Alijua ni mjomba wangu. Alijua pia habari ya Nosy Be, kwa sababu nilikuwa nimemwomba mara mbili anisaidie kupata kazi katika ofisi ya wakala kule. Akaendelea kwa upole ule ule. Akimwondoa yeye, alisema, itakuwa aibu mbele ya watu, na hapendi aibu. Lakini abiria akiomba mwenyewe kula chumbani, kwa mfano kwa ajili ya dini yake, hakuna aliyekosewa.

"Wewe ndiye mwenye kadi, bwana. Na leo jioni nitakuwa naandika barua Nosy Be. Wananiuliza jina la karani."

Akaondoka, akaniacha na kalamu.

Sikukaa muda mrefu. Ningependa kusema nilihangaika, lakini nilichofikiria ni nyama isiyochinjwa, mvinyo mezani, uma utakaomwaibisha, macho ya watu. Vyote hivyo mjomba alikuwa ameshavijibu. Niliandika ile kadi kwa dakika moja. Nikaandika kwa unadhifu, kwa sababu niliandika kila kitu kwa unadhifu: abiria angependelea kuletewa chakula chumbani, kwa sababu za dini.

Bado palikuwa na nafasi ya kurekebisha. Chumba namba kumi na nne kilikuwa ngazi moja chini. Ningeweza kuteremka nikamwambia, Mjomba, wameniambia hivi, na mimi nimefanya hivi. Angenitukana, au angecheka, au angepanda nami tukasimama wote mbele ya mkuu. Niliketi kwenye kijimeza changu nikipanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Nilijiambia mhudumu wa vyumba atampelekea habari pamoja na sinia.

Kengele ya zamu ya pili ilipolia, alikuja. Alikuwa ameoga na kujipaka mafuta ya kunukia, kidogo, kama mtu anayekwenda msikiti wa Ijumaa. Watu waliingia kwa jozi mbele yake. Alisimama mlangoni akatazama meza, vitambaa vyote vyeupe, na nikaona vidole vyake vinasugua ukosi wa koti kama afanyavyo anapopima kitambaa. Kisha akaanza kuingia.

Mkuu alimzuia kwa tabasamu. Alimwambia chakula chake kinakwenda chumbani, kama alivyoomba. Mjomba akasema hapana, yeye yuko meza namba sita. Mkuu hakubishana. Alichomoa kadi kwenye ubao, akampa.

Mjomba alisoma Kifaransa taratibu, kwa kufuatisha kidole. Lakini hakuhitaji kuyasoma maneno. Hati ile aliijua. Tangu nikiwa na miaka kumi ndimi niliyemwandikia daftari la vipimo vya wateja, barua za visiwani, kila kitu. Alitazama kadi, akanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwake.

Angeweza kusema. Neno moja tu, si mimi niliyeomba hivi, na mkuu angelazimika kunigeukia, nami ningekuwa karani aliyeghushi ombi la abiria. Kazi ya melini ingekwisha hapo hapo, na ya Nosy Be isingekuwapo. Alilijua hilo. Niliona anavyolipima, upana na urefu.

"Ndivyo nilivyoomba," alimwambia mkuu kwa Kifaransa. "Nilisahau. Uzee."

Alimrudishia kadi, akaniambia mimi kwa lugha yetu, bila hasira, "Usiache kula," akageuka.

Nilimtazama akiteremka ngazi. Mgongoni mwa koti lake hapakuwa na mkunjo hata mmoja.

Kabla chakula hakijaisha, daktari mzee wa meza namba sita alikuja kuniuliza yule fundi amekwenda wapi. Alisema alifurahi kuona jina lake, kwa sababu alitaka kumuuliza namna wanavyodarizi kofia zile. Walimu nao walikuwa wanamngoja, alisema. Nikamjibu kwamba bwana huyo alipendelea kula chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema yale maneno kwa mdomo, na yalitoka bila shida.

Sinia lilirudi jikoni kama lilivyokwenda, samaki mzima, mayai mazima. Kitambaa tu ndicho kilichoguswa. Kilikuwa kimekunjwa upya, mara nne, pindo ndani, kama mjomba alivyokunja kazi iliyokwisha dukani kabla ya mteja kuja kuichukua.

Tulishuka Nosy Be kesho yake asubuhi, mimi kwa ruhusa niliyokuwa nimeiomba mapema. Tulipanda lori la miwa mpaka Dzamandzar, yeye mbele na dereva, mimi nyuma. Alizungumza nami njiani kila lori liliposimama: kofia iko sawa? umeleta ile barua ya mama yako? Nilianza kuamini kwamba limepita. Nilikuwa kijana, na nilidhani mtu asiyekemea amesamehe.

Nyumbani kwa msichana walimkalisha mbele, ukutani, kwa kuwa mposaji ni mgeni wa heshima, hata kama hajafanya ada yake. Akaniposea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinitaja kwa elimu, kwa adabu, kwa namna nilivyomtunza mama yangu. Baba wa msichana alipouliza habari ya kazi ya nchi kavu, mjomba alinitazama, nami nikasema nimeahidiwa nafasi ofisini, barua imeandikwa jana jioni.

"Jana," alirudia mjomba. Kisha akawageukia wenyeji. "Basi mmesikia. Kazi ameipata jana."

Hakuna mwingine aliyeelewa.

Wakakubali. Vigelegele vikatoka ndani, kisha vyakula vikaletwa. Sinia letu lilikuwa la mjomba, mimi, baba wa msichana na kaka yake. Nilinawa, nikasogea. Mjomba alikuwa amesimama.

"Mtaniwia radhi," aliwaambia wenyeji. "Mimi siku hizi nakula chumbani. Mpwa wangu anajua."

Walidhani ni tumbo. Wakamtandikia mkeka katika chumba cha ndani na kumpelekea sahani. Nilimsikia kupitia pazia akiwashukuru. Mimi nilikaa kwenye sinia na watu ambao kuanzia siku ile walikuwa jamaa zangu, nikatia tonge mdomoni, na sikumbuki kilikuwa chakula gani.

Kazi niliipata kweli. Niliolewa na kisiwa, kama tulivyokuwa tukitaniana. Nilihamia nyumbani kwa mke wangu, nikawa karani mwenye dawati na kivuli. Siku ya harusi mjomba alikuja, kwa lori na boti safari hii, akiwa amenishonea joho. Alinivisha mwenyewe, akanifunga vifungo vyote. Chakula kilipoletwa, nafasi iliyo kulia kwa bwana harusi, ambayo ni ya mjomba, ilikaa wazi mbele ya wanaume wote wa Kikomoro wa Nosy Be. Niliyaona macho yakitoka kwenye nafasi ile, yakija kwangu, yakirudi. Hakuna aliyeuliza. Kwetu hatuulizi, tunakumbuka.

Nilikwenda Mahajanga kila mwaka. Salamu yangu aliiitikia. Alinipima nguo, aliniuliza habari za watoto, aliwapa majina ya utani, aliwafundisha kutia uzi kwenye sindano. Chakula kikiiva alinyanyuka kwa utulivu na kwenda chumbani kwake, na mke wake akamfuata na sahani. Mara moja tu nilijaribu. Nilimfuata hadi mlangoni nikamwambia, Mjomba, nataka kusema juu ya ile kadi.

"Kadi ipi?" alisema. "Mimi ndiye niliyeomba."

Nikarudi mkekani. Ningeweza kupiga magoti. Ningeweza kwenda ukumbini, mbele ya mama na mke wake na watoto, nikasema nilichokifanya, ili anayekula chumbani awe mimi. Kila mwaka nilikuwa na nafasi hiyo, na kila mwaka nilikula, nikanawa mikono, nikarudi Nosy Be.

Wakubwa walipoanza kusafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Amborovy, nje ya Mahajanga, meli zilipungua. Wafaransa walipokuwa wanajiandaa kuondoka, ofisi ya wakala ilifungwa, na dawati langu likauzwa pamoja na viti. Mkuu wa chumba cha kulia sikumsikia tena, wala yule mke wa mlowezi. Mwaka ule ule nikapata habari kwamba mjomba ni mgonjwa. Nilivuka hadi Antsahampano, nikakwama siku mbili kwa mvua, nikafika Mahajanga alasiri, wakati watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini.

Mke wake alinikalisha ukumbini. Kulikuwa na wali wa matanga, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa nyumba nilipewa sinia pamoja na wazee. Sikuweza kula. Baadaye, watu walipotawanyika, nilimweleza yote, tangu kadi ya kwanza hadi ya mwisho. Alisikiliza huku akikunja nguo za marehemu.

"Hakunieleza," alisema. "Aliniambia tumbo lake halipatani na chakula cha watu wengi. Lakini ulipokuwa ukiondoka, mwanangu, alikuwa akirudi mkekani siku hiyo hiyo. Wewe hujafika hata gati, yeye ameshakaa nasi, anakula na kutania."

Nikamuuliza alikuwa anakaa upande gani.

"Palepale pake," alisema. "Mlangoni."

Sasa mimi ni mzee kuliko yeye alivyokuwa siku ile. Kwa kadi ile nilipata kazi ambayo haikudumu, na mke mwema aliyefariki bila kujua kwa nini mjomba wangu hakuwahi kula sinia moja nami. Mjomba aliishi miaka kumi na mitatu baada ya safari ile. Katika miaka hiyo yote sikula naye tena hata tonge moja. Nilimnyima kiti alichokitamani maisha yake yote, na nikampoteza mtu pekee aliyekuwa baba kwangu, akiwa hai, katika nyumba moja nami, nyuma ya pazia.